Atapikiwa na Nani?

Kijiwe cha kahawa cha Gelle, nyuma ya stesheni ya Nakuru, kilikuwa na benchi moja tu, lakini kesi zilizoamuliwa pale hata korti ya Wazungu isingeziweza. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Thuo, waliyemwita Mzungu kwa sababu ya vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi, ambalo halikumtoka hata aoge vipi. Mkewe Wamuyu alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Binti yao Mugure, aliyekuwa bado katika umri wa kung'oka meno ya utotoni, alishaketi kwenye lori la Subukia lililosimama hapo kando, apelekwe kwa nyanya yake. Pasi ya serikali ya kusafiria ilikuwa imepatikana. Thuo alikosa tu moyo wa kuliacha lori liondoke.

— Hajalia hata tone, alisema. Siku ya mazishi alikuwa anaruka kamba.

— Mtoto ni sahani, bwana. Huyo alikuwa Obura, mchochea makaa wa gari la moshi, waliyemwita Injini. — Ukimmiminia huzuni inamwagika. Mtu mzima ndiye pipa.

— Pipa lako limejaa pombe ya busaa, alisema Nderitu, aliyewahi kufagia kortini wakamwita Hakimu. — Mtoto hana moyo mpaka aote meno ya pili. Kule Njoro mmoja alimzika baba yake akicheka. Meno yalipoota, alilia mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa.

— Ng'ombe wa nani?

— Wa Mzungu. Si huyu, yule wa kweli.

Thuo hakucheka.

— Sijamaliza. Kila jioni anapika mchanga kwenye kisufuria, anauacha nje ya mlango. Ati ni wa mama. Asubuhi nakikuta kimeoshwa, kimepinduliwa, na jiwe juu yake.

— Mbwa, alisema Injini.

— Mbwa anaweka jiwe? Wamuyu ndiye alikuwa anaweka, upepo usibebe.

— Basi ni mtoto mwenyewe.

— Mimi hulala nimeegemea mlango, Injini.

Hakimu akakohoa.

— Hukumu ni moja. Mtoto aende. Huyo mgeni wa usiku asipopikiwa, atachoka mwenyewe.

Hapo mama mmoja akashuka kwenye lori, Rahab, muuza viazi wa Subukia.

— Baba Mugure ni nani hapa? Mtoto ameniuliza kitu cha kujibiwa na babake.

— Kitu gani, mama?

— Ati yeye akienda, leo mama yake atapikiwa na nani?

Hakimu akamnyooshea Gelle kikombe chake kitupu. Thuo akajiona jioni ile, peke yake, mgongo kwenye mlango.

— Kahawa imeisha, alisema Gelle. Akasuuza kikombe cha bati cha mwisho, akakipindua, na kwa kuwa upepo wa mlima Menengai ulishaanza, akaweka jiwe juu.

Thuo akainuka, akaenda kwenye lori, akanyoosha mikono. Mugure akashuka bila kuuliza chochote, akamshika kidole, akatazama jua lilipofika.

— Twende haraka, baba. Mama akicheleweshwa chakula, ataingia ndani.