Herufi Tisa za Mwalimu Simeoni

Mwalimu Simeoni Gaspari, ambaye leo, Jumatatu tarehe 13 Januari 1997, tunamkabidhi kwa udongo wa Issuna, alizaliwa Ndago, Iramba, tarehe 14 Agosti 1934. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Gaspari, mkulima wa uwele, na mama Raheli.

Alianza shule ya misheni mwaka 1943. Huko ndiko alikojifunza kuogopa. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akimwita mwanafunzi mbele na kumdai neno. Aliyelikosa alibaki amesimama hadi kengele. Simeoni alisimama mara mbili, na miaka hamsini baadaye aliweza kuyataja maneno yote mawili aliyoyakosa. Alimaliza darasa la nane mwaka 1951 na kupata cheti cha ualimu Kinampanda mwaka 1953.

Alifundisha kuanzia Januari 1954 hadi alipostaafu Desemba 1992. Mwezi uliofuata aliitwa na sekondari mpya ya binafsi, kwa kuwa biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mzazi alitaka mtoto wake ajue Kiingereza. Wanafunzi wake wanaukumbuka mkebe wa maziwa ya unga uliojaa herufi alizokata kutoka maboksi ya sabuni. Kila kipindi alichomoa herufi tisa, akaziandika ubaoni, na darasa likatafuta maneno yote ya Kiingereza yanayotoka humo. Sheria zilikuwa mbili. Neno lisilofika herufi nne halihesabiwi. Neno lisilo ndani ya kamusi halihesabiwi, hata kama mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitaja.

Magazeti mapya yalipoanza kuchapa mashindano ya namna hiyo, Ahmadi, mwenye duka pale Mkiwa, alimwekea nakala, naye akaifuata kwa baiskeli. Juni 1991 alishinda redio.

“Mwalimu, mimi maboksi yote ya sabuni ninayo dukani,” Ahmadi alimwambia, “na sijashinda hata betri.”

“Herufi unazo. Kamusi ndiyo huna,” Mwalimu alimjibu, akaagiza betri nne.

Tarehe 5 Oktoba 1958 alifunga ndoa na Anastazia, wakajaliwa watoto watatu. Mama Anastazia hakupata shule. Alijifunza kusoma mwaka 1974 katika darasa la watu wazima, na aliyemfundisha ni mumewe. Kiingereza hakijui hadi leo.

Mama mzazi wa marehemu, Raheli, alifariki mwaka 1983. Miaka yake mitatu ya mwisho alimwita Simeoni kwa jina la mjomba wake, ambaye alikuwa amekufa zamani. Mwalimu aliitikia jina hilo bila kumsahihisha. Lakini alihesabu umri aliokuwa nao mama yake siku ya kwanza alipokosea, na akaanza kuungoja umri huo.

Ugonjwa haukuungoja. Tarehe 7 Machi 1995, mbele ya kidato cha pili, alitaka kuomba chaki na hakupata jina lake katika lugha yoyote, huku kipande kimoja kikiwa mkononi mwake. Alirudi nyumbani kabla ya mapumziko. Tangu siku hiyo alijipima kila asubuhi: herufi tisa, dakika kumi, idadi ya maneno katika daftari. Alimwomba mkewe ndiye achomoe, ili yeye asijidanganye. Machi aliandika thelathini na nne. Juni, ishirini na tisa. Desemba, kumi na mbili.

Yanayofuata Mama Anastazia ameomba yasemwe hapa, kwa sababu yamemlemea. Idadi iliposhuka, mumewe alishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Mama hakujua maneno, ila alikuwa amekwisha kujua ni herufi zipi humtuliza: A, E, R, S, T. Januari 1996 alianza kuzitafuta ndani ya mkebe kabla ya kutoa mkono. Idadi ikapanda: kumi na tano, kumi na tisa, ishirini na nne.

Aprili, mwanawe Petro alikuja kumchukua kwenda hospitali Dodoma. Mwalimu alimfungulia daftari.

“Soma mwenyewe. Nakwenda kumwambia daktari nini, kwamba napona?”

Mama alikuwepo. Aliogopa kusema, na kila wiki iliyopita ikaongeza woga huo.

Tarehe 19 Septemba Ahmadi alimkuta amesimama njiapanda ya Mkiwa, ameshika baiskeli.

“Shikamoo, Mwalimu. Unangoja basi?”

“Marahaba. Namngoja mtu wa kunionyesha njia ya kwangu.”

Ahmadi alicheka. Kisha akamtazama usoni, akafunga duka na kumsindikiza hadi nyumbani kwake Issuna.

Jioni hiyo Mama alimweleza habari ya mkebe. Mwalimu alilifungua daftari.

“Kwa hiyo idadi ya kweli ni ngapi?”

“Sijui, Baba Petro.”

“Fumba macho. Toa tisa.”

Alipata maneno manne. Oktoba alikwenda Dodoma. Daktari alisema ni mishipa ya ubongo, iliyoharibiwa na shinikizo la damu lililokaa bila dawa. Hakusema kwamba miezi sita ile, tangu Aprili, ingebadili kitu. Hakusema pia kwamba isingebadili. Mwalimu hakumlaumu mkewe; alimtaka tu aendelee kuchomoa akiwa amefumba macho, naye Mama akafanya hivyo kila asubuhi, hata zile ambazo daftari liliandikwa sifuri.

Jumamosi tarehe 11 Januari 1997 Mama alifumba macho kama kawaida.

“Leo fumbua,” Mwalimu alisema. “Naogopa. Nichagulie.”

Akamchagulia. Dakika kumi zilipita na hakuna aliyetazama saa. Mwisho Mwalimu alisogeza pamoja T, E na A.

“Ndiyo nini hiyo?”

“Chai. Andika.”

Mama aliandika moja, akaenda jikoni kuleta chai. Aliporudi, saa mbili na robo, Mwalimu alikuwa amekwisha kutuacha, mkono wake juu ya herufi.

Kwa sheria yake mwenyewe, neno la herufi tatu halihesabiwi. Familia imelihesabu.

Marehemu ameacha mjane, Anastazia, watoto watatu, Petro, Sara na Aneth, wajukuu saba, na wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Mungu, asiyesahau jina la mtu, ampumzishe kwa amani.