Mibono ya Makaburini Ilipohamia Shambani Kwangu

Asifiwe Bwana, anayesikia hata koo lililofungwa!

Ndugu zangu, nililala chali katikati ya mibono, asubuhi ya ukungu, mikono imenyooka ubavuni kama maiti aliyekwisha kuoshwa. Koo linawaka, tumbo linakata, sauti haitoki. Na karibu nami nikasikia jembe. Pu! Kimya. Pu! Kimya. Nikajua wananichimbia mimi, na wameanza kabla sijafa.

Mimi ni Mama Neema, mjane, mkulima wa huku juu mlimani ukitokea Gare. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo, na majina nitayataja.

Nirudi nyuma. Kwetu kila mtu anajua mbono unapandwa wapi: kaburini. Mtu akizikwa, kijiti cha mbono kinachomekwa kichwani pake, kinaota, kinakuwa alama. Na mbono huo haung'olewi. Ukiung'oa, tuliambiwa tangu utoto, umemfukua aliye chini, na atakufuata nyumbani.

Basi akaja Mhando, bwana shamba, na watu wa kampuni. Wakasema serikali ina sera mpya: magari yatatembea kwa mafuta ya mimea, hewa itakuwa safi, na mbegu za mbono ndizo zitakazokamuliwa. Kila kaya itoe shamba. Mhando akausifu mti: "Hata mbuzi hawaugusi! Hamtahangaika kuulinda." Tukapiga makofi. Nikauliza, mahindi yakitolewa tutakula nini? Akacheka. "Mama Neema, sera ni kama mvua. Haiulizi nani ana mwavuli."

Vijiti vya kupanda havikutosha. Singano, mwenyekiti wetu wa kijiji, akatuma mgambo makaburini na mapanga. Nikasimama nikaona wanaukata mbono wa mama yangu mzazi mpaka shinani. Nikalia. Singano akaniambia mbele ya watu, "Acha kelele, wewe. Wafu wamelala, hawana safari." Na watu wakacheka! Utomvu ulidondokea kanga yangu, ukakauka ukawa rangi ya damu iliyokaa. Haujatoka mpaka leo.

Wakaichomeka mibono hiyo kwenye matuta yangu, pale pale palipokuwa na mahindi na maharage.

Ndugu zangu, iliota. Kiangazi kikapukutisha majani, ikabaki uchi ndani ya ukungu kama watu waliopangwa wanangoja jina lisomwe. Ndege hawakutua. Wapita njia walivua kofia bila kuambizana, wakashusha sauti, wakaharakisha. Nami nikawa naingia shambani kwa kupiga hodi. Shambani kwangu mwenyewe! Na siku moja, Mungu ni shahidi, niliitikiwa.

Lori la kampuni likaacha kuja. Mlima wetu una baridi, mbegu zilitoka chache. Mhando akasema sera inapitiwa upya, tusubiri. Tusubiri huku tunakula nini? Na kung'oa, nani athubutu? Kila kijiti kilitoka kwenye kaburi la mtu, na hakuna aliyejua kipi cha nani. Hofu hiyo ilinifunga kuliko kamba. Nikakaa na njaa pembeni ya ardhi yangu.

Asubuhi ile nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikaokota mbegu zilizoanguka, nikamenya, nikatafuna. Tamu kama karanga! Nikaongeza. Ndipo nikaanguka.

Nikiwa chini nilisikia watu wengi wanaitana kwa chini chini, na sauti mojawapo ni ya mama. Na lile jembe linasogea. Pu! Nikaomba moyoni: Yesu, kama shimo hilo ni langu, tangulia wewe kushuka. Sala nyingine zote zilikuwa zimenipotea.

Kisha nikasikia mtu anagomba. "Kama kuna marehemu mwenye neno, aje alime yeye! Wanangu leo wanalala njaa!" Alikuwa Ester, wifi yangu, mke wa kaka. Shamba lake limepakana na langu. Alikuwa ameamka, akasali, akashika jembe, na sasa anang'oa mibono yake peke yake, mmoja mmoja, huku akiitukana.

Ulipoanguka ule wa mpakani akaniona. "Wifi! Umekula nini, wewe?" Akanitupa mgongoni hadi zahanati, njia nzima ananifinya nisisinzie. Wakanitundikia maji. Muuguzi akasema ni sumu, ndiyo maana mbuzi hawaigusi. Nikaishi. Haleluya!

Nilipopata nguvu niling'oa mibono yangu yote kwa mikono hii. Hakuna aliyenifuata nyumbani! Wafu wetu wako kwa Bwana, hawakai kwenye vijiti. Nawe uliyefungwa na hofu, mwite Yesu hata kama sauti haitoki. Atasikia.

Lakini kaburi la mama silioni tena. Magugu yamefunika pote, na sijui nipige magoti wapi.

Mhando alihamishwa, huko aliko aitwe, aseme kwa nini alitusifia sumu. Wewe Singano hukuhama. Umekaa benchi la mbele, mzee wa kanisa, unapitisha kapu la sadaka. Nimekusamehe kama Bwana alivyoagiza, ila msamaha haukuondolei deni la kujibu. Simama. Ibada ikiisha twende makaburini, usharika wote ukifuata, unionyeshe kwa kidole chako mama yangu amelala wapi.