Kanyiva Nzomo na Hesabu ya Sataranji

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Mbinya, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Kanyiva Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Mbooni, kifungua mimba wa mzee Nzomo, mchonga vinyago, aliyetuhamishia Huruma mwaka 1978, na kwa kete za sataranji ambazo baba alizichonga akazikataa kwa sababu ya nyufa, dada alijifunza mchezo huo. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985 na wa kidato cha nne mwaka 1989, akapata alama ya juu kabisa katika hisabati, lakini chuo kikuu hakikumwita, akawa karani wa wakili mmoja Makadara kuanzia mwaka 1992.

Alifunga ndoa na Musau, dereva, tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa binti mmoja, Kamene, ambaye mwaka 2013, wakicheza, alimuuliza, "Mama, kete hizi zinaweza kukaa mikao mingapi?" Tangu hapo, kila alipotoka kazini, dada alipanga kete kwa kura, akakagua kama mkao huo unaweza kufikiwa na wachezaji wanaofuata kanuni, maana mingi haiwezekani, kama vile wafalme wote wawili kutishwa kwa pamoja, kisha kutokana na sehemu ndogo iliyofaa akakadiria jumla. Tulimcheka, mimi wa kwanza.

Mwaka 2014 alimpelekea mhadhiri mmoja wa hisabati daftari la kwanza, akaambiwa, "Endelea tu, mama," naye akaendelea miaka minane, akarudi na madaftari thelathini na moja, ndipo mhadhiri, akiwa amesimama mlangoni, alipomwambia kwamba wataalamu wa ng'ambo walishayakadiria hayo zamani. Dada akamuuliza, "Ulijua siku ile ya kwanza?" Akajibu, "Nilidhani utachoka."

Kamene alilinganisha majibu, akakuta la mama lina tarakimu arobaini na tano, sawa na lao, lakini dada hakushika tena kete.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Mei 2024, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kamene.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Huruma waliompikia uji, na wenzake wa kazini waliomshikia zamu. Mhadhiri ametuma rambirambi ndefu, na familia imeamua isisomwe.

Pumzika, Kanyiva, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.