Mkono wa Kushoto wa Felisian Magesa

Bwana Felisian Magesa, nyapara wa pantoni ya Mto Mara pale Kirumi, anastaafu tarehe 31 Machi 1960, baada ya kuitumikia pantoni hiyo kwa miaka thelathini. Sherehe yake ni Jumamosi inayofuata, kwenye uwanja ulio mbele ya mgahawa wa mke wangu, Mwanaupe. Idi imeshapita, kwa hiyo wote tutakula, na nyama nimeichagua mimi.

Ninayeandika ni Shomari Hamduni, nyapara wa kwanza wa pantoni hiyo, ndiye niliyemfundisha Felisian kazi. Ofisi ya barabara Musoma walitaka karani ndiye aandike habari hizi za jarida lao. Nikawauliza, karani anamjua Felisian tangu lini? Kalamu ninayo. Herufi nilijifunza mwenyewe kwenye magunia ya saruji na mapipa ya lami, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nimesoma vibaya. Karani amepiga taipu tu, nimemkataza kurekebisha.

Felisian alizaliwa Kibara, nyumba ya wavuvi wa ningu na furu. Baba yake alimleta shule Musoma ajifunze hesabu. Hesabu alijifunza, lakini likizo ya kwanza alirudi nyumbani na kaptula ya khaki, skafu shingoni na filimbi. Alikuwa ameingia uskauti. Mwalimu Stanislausi, mkubwa wa kundi lao, aliwafundisha kuwasha moto bila kiberiti, kufunga mafundo, kumfunga mtu bandeji na kusema kwa bendera. Kila walichofundishwa kilikuwa na beji yake, na Felisian alizikusanya zote. Mwaka 1929 akapata ile ya juu kabisa, yenye taji: Skauti wa Mfalme. Upande wetu huu wa ziwa alikuwa wa kwanza, au basi wa kwanza niliyemwona mimi, na mimi nimeona watu wengi.

Sasa mtu akifika juu kabisa, baada ya hapo nini? Hilo swali Felisian alizunguka nalo mkoa mzima. Alipeleka taji lake Musoma, kwenye ofisi moja. Karani akalitazama, akalipapasa, akamuuliza kama anajua kupiga taipu. Akalipeleka Bunda, kwenye pamba, wapimaji wakataka kujua ni la mbio au la kuruka. Akafika mpaka Butiama, barazani, wazee wakampongeza sana, wakampa maziwa, wakamuuliza huyo mfalme aliambatanisha ng'ombe wangapi. Akasema hakuambatanisha. Wazee wakasikitika, wakamuongezea maziwa.

Akarudi kwa Mwalimu Stanislausi kulalamika. Mwalimu akamwambia kuwa beji nyingine haipo, ngazi imekwisha, sasa ashuke akawafanyie watu kazi. Basi akashuka. Aliposhuka alitua kwangu.

Ile pantoni haikuwa na injini, wala sasa haina. Kuna kamba nene imefungwa kwenye nguzo huku na huku, na wanaume wanasimama juu ya mbao wanaivuta, pantoni inakwenda. Felisian alifika asubuhi, ametoka moja kwa moja kwenye kambi yao ya skauti Makoko, amevaa taji lake kifuani. Akanisalimia vizuri, shikamoo nikaipokea. Halafu akaninyooshea mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Mbele ya wavuta kamba wote, mbele ya abiria, mbele ya mbuzi wa abiria. Mimi Mwislamu, mtoto wa fundi, nyapara wa Serikali.

Nikamwambia, "Huo ni wa chooni, kijana. Nani kakufundisha?"

Akajibu bila kupepesa macho, "Mfalme, mzee."

Shida, mvuta kamba wangu wa mbele, akaangusha kamba kwa kucheka. "Mfalme gani huyo asiyejua kunawa?"

Mkono wake sikuupokea. Nikamweka mkiani mwa kamba, pale penye matope, pale ambapo kila mgeni anaanzia. Sikumwonea. Hata mimi ningejianzishia pale, kama kungekuwa na mtu wa kunianzisha. Viganja vyake vikachubuka, na wenzake wakamwita Bwana Taji. Taji likikwama kwenye mbao wanamwambia amuite mfalme aje alichomoe.

Wiki ile ikaisha. Shida akaja kuniambia kuwa Bwana Taji anafunga mzigo, anarudi Kibara kuvua furu. Nikamfuata kibandani kwake. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, na kitu kilichomuuma hakikuwa viganja. Alisema alipanda ngazi yote mpaka juu, na huku chini hakuna hata mtu mmoja anayetaka kumshika mkono.

Nikamwambia anayetaka kushikwa mkono alete mkono wa watu. Hapo ndipo akanieleza. Siku ile ya kwanza lilikuwa kosa, mkono uliruka wenyewe kwa mazoea ya kambini. Wao wanasalimiana kwa kushoto kwa sababu uko upande wa moyo, na wanampa yule waliyemhesabu kuwa ni ndugu. Watu wengine wote anawapa wa kulia kama kawaida. "Lakini wewe mzee nimeshakupa," akasema. "Ukishautoa haurudi. Nikibaki hapa, kila siku nitakupa huohuo."

Nikamwambia undugu sikuuomba. "Na mimi kila siku nitakupa wa kulia. Tuone nani atachoka."

Kesho yake alikuja. Mzigo ulikuwa umeshafunguliwa.

Wasomaji wa Musoma hamtasadiki, lakini waulizeni watu wa Kirumi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla kamba haijaguswa, Felisian ananyoosha wa kushoto, mimi nanyoosha wa kulia. Tunatazamana. Hakuna anayepokea. Kila mtu anarudisha wake, tunakwenda kazini. Abiria wageni walidhaniaga tumegombana. Wavuta kamba walikuwaga wanawekeana dau la chai: leo mzee atalegea, leo Bwana Taji atalegea. Mwanaupe ameuza chai nyingi sana kwa mkono wangu huu.

Masika ya 1937 mto ulikuja umebeba miti. Tulikuwa katikati ya maji na lori la Muharami, mfanyabiashara wa Bunda, limejaa chumvi na dagaa. Kamba ikakatika upande mmoja, pantoni ikainama, mimi nikaingia mtoni. Niseme wazi kuwa kuogelea najua, na matete niliyoyashika yalikuwa imara. Felisian alikuwa ameizungusha kamba iliyobaki kwenye mkono wake wa kulia, ameegemea kinyumenyume, pantoni nzima na lori na Muharami wameshikiliwa na yeye. Akaninyooshea wa kushoto.

Nikapiga kelele, "Nipe wa kulia!"

"Wa kulia umeshika pantoni, mzee!"

"Basi ngoja!"

"Mamba hawangoji!"

Na kweli, mamba hawaulizi cheo. Lakini nilikuwa nimesema neno langu kwa miaka saba, na sikuona sababu ya kulibadilisha kwa ajili ya maji. Felisian akaona tunachelewa. Akanikamata ukosi wa shati kwa huo mkono wake wa kushoto, akanipandisha juu kama gunia la dagaa. Muharami aliisimulia habari hiyo sokoni Bunda mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na kila mwaka matete yalizidi kupungua.

Asubuhi iliyofuata watu wa ng'ambo zote mbili walikuja kutazama. Felisian akanyoosha wa kushoto, kama kawaida. Mimi wa kulia, kama kawaida. Shati si mkono. Shida akalipa chai ya watu wote, na alinuna siku nzima.

Baada ya mafuriko yale Felisian akaomba ruhusa ya kufunga kamba ya pili, kwa mafundo yake ya uskauti. Nilimruhusu mimi. Tangu hapo kamba zimekatika, ila pantoni haijainama tena wala mtu hajachukuliwa na maji, na ofisi ya Musoma walikuja kuyatazama yale mafundo wakaondoka wanakuna vichwa. Halafu akaleta bendera. Zamani tulikuwaga tunapigiana kelele kutoka ng'ambo moja hadi nyingine mpaka koo zinauma. Yeye akawafundisha wavuta kamba wote kusema kwa bendera: lori linakuja, subiri, kuna mgonjwa, njooni haraka. Hiyo ya mgonjwa imeokoa wajawazito wengi, maana pantoni inawahi kuvuka kabla gari halijafika mtoni. Bibi Jenoveva, mkunga wa ng'ambo ya pili, anaisoma kuliko vijana. Mwanaupe naye alijifunza moja tu, ya chai imechemka, na hiyo haijawahi kucheleweshwa na mtu yeyote.

Mwaka 1950 nilistaafu mimi, na wakubwa wakaniuliza nani anafaa. Nikawaambia yupo mmoja tu, ingawa mkono wake una matatizo. Felisian akawa nyapara. Siku ya kwanza ya unyapara wake nilimkuta wapi? Mkiani mwa kamba, kwenye matope, anamwonyesha mgeni namna ya kukanyaga. Hilo mimi sikuwahi kulifanya. Nilikuwa na kazi nyingine.

Mfalme alipofariki mwaka 1952, ikaja enzi ya Malkia, na wavuta kamba hawakumwonea Felisian huruma. Wakamwambia, "Bwana Taji, wafalme wamekwisha, beji nayo imeoza, irudishe." Felisian aliwaza sana, nilimwona. Mwishowe akasema kuwa mfalme alimpa beji, lakini kazi aliyoahidi kuifanya hakumwahidi mfalme peke yake, aliwaahidi watu, na watu bado wanavuka. Halafu Shida akaomba radhi, akaomba na chai.

Jambo lenyewe ndilo hilo. Kijana alizunguka Musoma, Bunda na Butiama akiuliza baada ya cheo kikubwa kabisa kinafuata nini. Kinafuata kamba. Miaka thelathini ya kamba, mvua na jua, na watu wamevuka wakaenda harusini, hospitalini na sokoni bila kujua jina lake. Na mimi ndiye niliyemkabidhi hiyo kamba, msisahau.

Sasa anarudi Kibara na mkewe Eufrasia, ambaye amevumilia harufu ya lami na matope miaka yote hiyo. Watalima pamba, na nasikia amenunua mtumbwi. Pantoni inamshukuru, Idara ya barabara inamshukuru, ng'ambo zote mbili za Mto Mara zinamshukuru. Bwana Magesa na Mama Eufrasia, Mungu awape afya, shamba lenye rutuba na samaki wasio wajanja.

Nina neno moja limebaki, na ndilo lililonifanya nimnyang'anye karani kalamu. Nilistaafu, lakini pale mtoni bado nakaaga kila asubuhi, na kila asubuhi Felisian bado ananiletea wa kushoto. Jumamosi itakuwa asubuhi ya mwisho. Nimeamua kuupokea. Sijashindwa, na watu wa chai wasidai chochote. Yeye hakuchoka na mimi sikuchoka, ila pantoni haiwezi kubaki katikati ya mto milele.

Lakini namjua Felisian. Ana adabu nyingi. Nahofia kuwa siku hiyo, mbele ya wakubwa, ataona aibu ya kumuaga mzee kwa kushoto, aamue kuniheshimu, aniletee wa kulia. Tutasimama pale tena, yeye na wa kulia, mimi na wa kushoto, na Shida atakufa kwa kucheka. Ndiyo maana nimeliandika hapa, alisome kabla.

Kwa hiyo Felisian, Jumamosi lete uleule wa siku zote. Wangu nimeshaunawa.