Wagonjwa Arobaini na Wawili wa Benchi Letu

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu na duka la kinyozi, na ukinyoosha shingo kidogo unaiona zahanati ng'ambo ya barabara. Tunaolikalia kila siku ni watatu. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye mteja akichelewa hukaa nasi na taulo begani. Kuna Faili, karani mstaafu, anayeamini kwamba kitu kisichoandikwa nakala tatu hakijatokea. Na kuna mimi, mshona viatu, wananiita Soli, na kwa maoni yangu ndimi pekee mwenye akili timamu pale. Mama wa kahawa hufika na birika lake saa tatu asubuhi, na ubishi huanza kikombe kikiwa bado hakishikiki. Siku hiyo ulianza na simu ya Wembe.

Alisoma ujumbe, akausoma tena huku midomo ikimchezacheza. Halafu akanipa mimi niusome. Uliandikwa: "Ndugu Wembe, zamu yako imefika. Tafadhali ingia chumba cha wajawazito."

— Wajawazito ndio akina nani? akauliza, na ana watoto watano.

— Ndio wewe, nikamwambia. Hongera.

Faili hakucheka. Alitueleza, kwa kirefu kama kawaida yake, kwamba enzi zake ofisini kuna mtu aliandikwa amefariki, na kwa miaka miwili akawa anapelekewa barua za kuulizwa mbona bado anakuja kazini. Kwa hiyo hili ni jambo dogo, faili zimepishana tu. Kabla hajafika mwisho simu yake nayo ikalia. Alikuwa anaitwa chumba cha meno.

Sasa Faili hana jino lake hata moja. Yaliyomo kinywani huyatoa kila akitaka kulala.

— Labda wanataka kuyaona hayo, akasema Wembe.

— Wamejuaje kama ninayo?

Hapo ndipo tulipoanza kupotea. Wembe akasema simu hukaa mfukoni, karibu kabisa na tumbo, kwa hiyo husikiliza, na yeye tangu Jumatatu kuna kitu kinamtembea ndani ambacho hajamwambia mtu. Faili akasema hapana, kilichotokea ni kikubwa zaidi: mitambo imebadilishana miili ya watu kwenye kumbukumbu, meno yake yamo kwa mtu mwingine, na hivi tunavyoongea kuna mama mjamzito mahali fulani ameitwa kwenda kunyolewa ndevu. Nilikuwa namcheka, simu yangu ikalia. Chumba cha macho. Nikakiinua kiatu nilichokuwa nakishona, nikakiangalia kwa mbali, nikakiangalia kwa karibu. Nakiri niliogopa.

Baada ya dakika kumi na zaidi Wembe akaitwa tena, safari hii chumba cha watoto wachanga.

— Kwa hiyo nimeshajifungua, akasema, na hakuwa anatania kama nilivyodhani.

Tulikuwa tumefikia hapo, mama wa kahawa ameacha kumimina anatusikiliza, ndipo alipokuja mpwa wangu, binti wa dada yangu. Benchi zima linamwita Mhandisi. Anasoma chuo, mambo ya kompyuta, na mwaka huu wote alikuwa mafunzoni kwenye kampuni moja inayotengeneza mfumo wa kupanga foleni za zahanati. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Mkononi alikuwa na kitabu chake cha mafunzo, chenye jalada la buluu, ambacho msimamizi wake alipaswa kukitia saini saa nane mchana. Bila saini ile chuo hakiutambui mwaka, unarudi mwanzo kana kwamba ulikuwa umelala.

Lazima niseme kwamba sisi ndugu zake hatukuwahi kuelewa anafanya nini huko. Siku ya kwanza mama yake alimuuliza kazi ilikuwaje, akajibu ameshinda anaumwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Dada alinipigia simu analia. Ilichukua wiki nzima kutufahamisha kwamba kazi yake ni kujifanya mgonjwa: anajiandikisha kwenye mfumo, anasubiri foleni, anaona kama mashine inamwita sawasawa, halafu anaandika ilipokosea. Mwaka mzima. Nilimtetea mbele za watu, lakini moyoni nilijiuliza kama huko ndiko kusoma.

Tulimwonyesha simu zetu. Alizisoma moja moja. Akakaa kwenye kigoda changu cha wateja.

— Mjomba, hii zahanati imeanza kutumia mfumo wetu leo?

Nikamwambia tangu saa tatu asubuhi, tumeona watu wakipanga mstari hadi nje.

Akatueleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mfumo ule haukubali namba za simu za kubuni, unataka simu ya kweli inayopokea ujumbe. Kwa hiyo mwezi wake wa kwanza wa mafunzo alituandikisha sisi watatu, na sisi tulikubali, tukasahau. Alituandikisha mara kumi na nne kila mmoja, akibadilisha vyumba ili kila chumba kijaribiwe. Wagonjwa arobaini na wawili, wote wa benchi hili. Wiki iliyopita kazi yake ya mwisho ilikuwa kuifuta orodha hiyo kabla mfumo haujahamishiwa zahanati.

— Na niliifuta, akasema. Niliifuta kwenye mashine yangu. Iliyohamishwa ni nakala nyingine.

— Basi hao wauguzi si wataona kwamba hatupo, watupite, akasema Wembe.

Mhandisi akainamisha kichwa. Kulikuwa na jambo jingine. Yeye ndiye aliyependekeza kwamba mgonjwa akiitwa angojewe dakika kumi kabla ya kupitwa, maana wapo wazee wanaotembea taratibu. Msimamizi alilipenda wazo hilo mno hata akaliandika kitabuni kwa mkono wake. Na kwa kuwa sisi tulijiandikisha zamani kuliko watu wote, mashine inatuanza sisi, mmoja mmoja, na haiiti mwingine mpaka dakika zake kumi ziishe.

Faili akapiga hesabu kwa kidole kwenye goti. Arobaini na mbili mara dakika kumi. Jumla ni muda wa saa saba.

— Msimamizi anajua? nikauliza.

— Bado. Wauguzi watadhani watu wamechelewa tu.

Nawaambia, ushauri uliotolewa pale sijapata kuusikia. Faili alisema asifanye lolote, kwa sababu jambo la ofisi ukiliacha siku tatu hugeuka kuwa kosa la mtu mwingine. Wembe akasimama na taulo lake, akasema dawa ni moja: twende. Tuingie kila mmoja mara kumi na nne, tuitike, tukohoe, tutoke mlango wa nyuma, tubadilishane mashati. Faili akamuuliza wajawazito ataitikaje. Wembe akasema atavaa khanga. Mama wa kahawa akasema anayo moja. Wakaanza kugawana vyumba, na Faili akadai chumba cha meno apewe mtu mwenye meno. Nilisikia kichwa kinazunguka, sijui tena nani anatania na nani amekata shauri.

Mimi nilimvuta mpwa wangu pembeni. Nilimwambia neno ambalo nikilikumbuka naona haya.

— Saini kwanza, mama. Saa nane si mbali. Ukishasainiwa, ndipo uwaambie.

Alikuwa anapekua kile kitabu kama anayetafuta ukurasa. Mwaka wa mtoto wa watu, na mama yake anayefua nguo za wengine ili asome, vyote viko kwenye mstari mmoja wa wino. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa najua ninachomwambia.

Ndipo akaja mama mmoja. Alitoka upande wa zahanati, anatembea kwa kuegemea mwavuli, mguu mmoja umevimba hata kandambili imekataa kuingia, ameishika mkononi. Aliomba kupumzika kidogo kwenye benchi na kupewa maji ya kunywa. Mama wa kahawa akampa. Alituambia amefika saa kumi na mbili alfajiri, akiwa wa tatu mlangoni, na mpaka sasa hajaitwa. Kwenye ile televisheni ya mapokezi yanatokea majina hayo hayo, wenyewe hawaonekani. Alisema hana ubaya nao, huenda hao watu hali zao ni mbaya zaidi, huenda hata kutembea hawawezi.

Kijana anayemsaidia Wembe kunyoa akachungulia mlangoni mwa duka akaita:

— Wembe, mteja amefika.

Yule mama akageuka. Akamwangalia Wembe, taulo, kikombe cha kahawa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotuumiza.

— Kumbe ndiye wewe, akasema. Pole baba. Unaumwa nini?

Wembe alifungua mdomo. Akamtazama Faili, ambaye alikuwa anatazama chini ya kikombe chake. Wakanitazama mimi.

Mhandisi akatoa simu yake na kupiga pale pale mbele yetu.

— Bosi, orodha ya majaribio imo ndani ya mfumo wa zahanati. Kosa ni langu, nilifuta ya mashine yangu tu. Wagonjwa wa kweli wako nyuma yake tangu asubuhi.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena, sauti ikiwa imepungua. Akasema kitabu anacho, atakwenda nacho, na kama ni kutosainiwa basi ameelewa.

Niliinuka nimwambie kitu, nadhani nilitaka kumkataza ingawa maneno yalishatoka. Lakini yule mama alikuwa ameninyooshea mkono, anataka kusimama arudi kwenye foleni, na peke yake asingeweza. Nikamshika upande huu, mpwa wangu akamshika upande ule, tukavuka naye barabara.