Historia ya Mama Bénita Mukamazimpaka, Aliyezionea Wivu Jumapili

Wapendwa waombolezaji, mapadri na wachungaji, majirani wa Ndosho, na ninyi vijana mliokaa juu ya ukuta kwa kuwa viti vimeisha, familia imemtuma Fabiola, kifungua mimba wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake, naye ameyaandika kwa kufuata agizo la mama mwenyewe, kwamba wivu wake usifichwe, kwa sababu, kama alivyosema, kwenye vilio vya Goma marehemu wote walikuwa wapole, na hakuna ajuaye wakorofi wanazikwa wapi.

Marehemu Bénita Mukamazimpaka alizaliwa Nyamitaba, katika milima ya Masisi, tarehe 4 Mei 1967, akiwa mtoto wa tano wa muzee Twagirimana, mfugaji, na mama Nyiramahirwe, mkulima, akabatizwa katika Kanisa Katoliki akiwa na umri wa wiki tatu. Alisoma shule ya msingi palepale Nyamitaba kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari upande wa ualimu, akapata diplome yake ya serikali mwaka 1985, akafundisha darasa la kwanza kule milimani hadi vita vilipowatoa mwaka 1993, na kuanzia hapo akafundisha hapa Ndosho kwa miaka ishirini na tisa, mpaka magoti yalipomkataa.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Célestin Nsengimana, aliyekuwa akishughulikia makaratasi ya mizigo kwenye duane, yaani forodha, ya Bunagana, na kwa kuwa Papa ni Mbatisti, wala hakuna kati yao aliyekubali kuhama kanisa, kila Jumapili walitoka mlango mmoja wamependeza, wakaachana barabarani, huyu kulia, huyu kushoto, naye Mama hakukosa kugeuka nyuma kuona ni nani anayemsalimia mumewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Fabiola, Darius na Umuhire.

Mwaka 2002, volkano ilipochoma mji, Mama aliwakuta vijana wa makanisa manne wakiondoa mawe kwenye njia moja na huku wakibishana nani kati yao amebatizwa vizuri, jambo lililomchosha kuliko mawe yenyewe, na hivyo, Alhamisi tarehe 13 Machi 2003, aliwaita katika parselle yake, yaani kiwanja hiki cha nyumbani, wakaanzisha huduma ya Vijana wa Njia Moja, iliyokutana hapa kila Alhamisi. Imani yao iliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao, kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, kwamba Biblia ni neno lake, kwamba Yesu peke yake ndiye anayeokoa, kwamba huduma hii haibatizi, haikusanyi fungu la kumi, wala haimtoi mtu katika kanisa lake, na kwamba kila siku ya ibada kijana arudi kuabudu kwao, Mkatoliki kwa Wakatoliki, Mpentekoste kwa Wapentekoste, Msabato kwa Wasabato. Maneno hayo ya mwisho aliyatunga Mama mwenyewe, na ndiyo yaliyomtesa maisha yake yote.

Kwa maana aliwalea juma zima, akawatafutia shule, akawapatanisha na baba zao, akawafuata hospitalini, akamtoa mmoja wao, Aubin, kwenye kundi la wanaobeba silaha kwa kulala siku tatu kwenye mlango wa mjomba wa kijana huyo, aliyemwingiza humo, kisha ikifika Jumapili watu wengine wanawavalisha majoho ya kwaya na kuwaita watoto wetu. Jumamosi tarehe 16 Julai 2016 Aubin alipofunga ndoa, kanisa lake lilitaka marene, yaani mama msimamizi wa arusi, atoke miongoni mwa waumini wake, kwa hiyo Mama aliketi mstari wa nane, akamtazama mama mwingine akimfuta Aubin jasho, akarudi nyumbani bila kugusa chakula cha arusi. Wahenga wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, lakini Mama aliushiriki miaka ishirini na miwili na hakukonda hata kidogo. Nasi watoto wake wa tumbo, tuseme ukweli, tuliwaonea wivu ninyi wa Alhamisi, kwa maana siku Fabiola alipofaulu mtihani wa serikali, mama yake alikuwa kambini na ninyi, naye jambo hilo hajalisahau.

Ndipo Élisée, mpiga ngoma wa huduma, ambaye yuko hapa na ameruhusu tumtaje, akamshauri kwamba watu mia mbili na arobaini wenye ngoma na mabenchi ni kanisa tayari, wakose nini tena, na Mama, aliyepaswa kumkemea, aliomba siku tatu za kufikiri na siku ya pili akakubali. Jumapili tarehe 7 Oktoba 2018, saa tatu asubuhi, alivaa kitenge kipya, akapanga mabenchi yote, akagonga jante, ile ringi ya gurudumu iliyokuwa kengele yao, kama alivyofanya kila Alhamisi, na wakaja watu kumi na mmoja, wote wapya, ambao walikuwa hawajafundishwa maneno ya ubao. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alhamisi iliyofuata aliwauliza wengine kwa hasira walikuwa wapi, naye Kahambu, msichana mpole kuliko wote, akamjibu, "Mama, si ni weye mwenye ulisemaka kila mutu siku ya dimanche aende kwao?" Mama akaingia ndani, akalia kwa uchungu, na Papa anasema alilia pia kwa furaha, ila hilo Mama alilikana hadi mwisho.

Tangu mwaka 2019 alisumbuliwa na ugonjwa wa sukari, mwaka huu figo zikashindwa, tarehe 28 Agosti akalazwa, na Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia, akiwa na miaka hamsini na minane. Siku mbili kabla, alimshika Fabiola mkono akamwomba azikwe Jumapili. Fabiola alikataa, akasema Jumamosi, familia tu, kwa sababu alitaka walau kilio cha mama yake kiwe cha nyumbani, naye Mama aligeukia ukuta, na wivu wa binti ukautambua wivu wa mama. Alhamisi, siku moja baada ya kifo, Fabiola alikwenda mwenyewe kwa moto, yaani pikipiki, kugonga mlango wa kila kanisa, makanisa tisa, akaomba vijana waachiliwe Jumapili waje kumzika Mama, na hakuna hata moja lililomnyima.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha, walimu wenzake, na makanisa tisa yaliyomaliza ibada saa moja asubuhi, Wasabato wakiwa wamemaliza tangu jana, ili leo, Jumapili tarehe 14 Septemba, parselle hii ijae.

Pumzika kwa amani, Mama, wamekuja wote, na leo hakuna aliyeitwa kwingine.