Stoo ya Kona Nne

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Cherono uache kulia, bado sijafa. Ng'ombe mtagawana na mama yenu kama tulivyokubaliana. Shamba ni la mzungu, hapo hakuna ugomvi. Linalonisumbua ni ile stoo nyuma ya nyumba.

Mnajua maisha yangu yote nimejenga nyumba za mviringo, nguzo zikichimbiwa ardhini. Mwaka wa hamsini na nne nikaona mafundi kule Njoro wakipigilia fremu ya ukuta ikiwa imelala chini, kisha wakaisimamisha bila kuchimba shimo hata moja, nami tamaa ikanishika. Nikapigilia kuta nne, nikazisimamisha, nikaunganisha kona kwa misumari. Jirani yetu Makokha, yule wa mashine ya mbao, akachungulia juu ya ua: "Mzee Micah, weka mbao ya mshazari, toka kona ya chini hadi ya juu, hiyo italala." Nikamwambia nimejenga nyumba saba na hakuna iliyoanguka. Akasema, "Hazikuwa na kona." Nilimtukana mpaka kuku wakakimbia, kisha nikatangaza kanisani kwamba ananionea wivu.

Jumapili iliyofuata nilisingizia tumbo nikabaki nyumbani, maana stoo ilikuwa imeanza kuyumba. Mbuzi akaja akajikuna ukutani, yote ikainama kuelekea Nakuru, nikaizuia kwa mgongo huku nikiita watu. Aliyeruka ua ni Makokha. Aliisukuma ikasimama wima, akapigilia mbao ya mshazari kila ukuta, akaenda zake. Mliporudi kutoka kanisani mkanisifu, nami nikapokea sifa kana kwamba kazi yote ni yangu. Sifa zikaenea. Watu wawili wakaja niwafundishe, na kwa kuwa niliona haya kueleza ile mbao ni ya nini, stoo zao zote mbili zililala.

Miaka mitatu sasa sijamsalimia yule mtu. Aibu hiyo inaniuma kuliko hiki kifua.

Basi sikilizeni. Stoo ni ya binti yangu Jepchumba, asing'oe mbao hata moja. Jeneza langu alitengeneze Makokha, ninyi mtaharibu. Mungu awape watoto, maziwa, na majirani wenye subira... Niinueni kidogo. Nani huyo mlangoni? Mmeshamwita? Makokha... njoo, njoo hapa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Pumzi haitoshi. Wanangu, mnasikia? Nasema mbele yenu...

Asante, fundi.